Mama Yake Redio

Siku ya tatu ya matembezi yake mjini, mkunga aligombana na mlinzi wa makumbusho.

Hakwenda pale kutafuta ugomvi. Alikuwa amestaafu miezi mitano tu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha, na mwanawe wa pekee alikuwa amemwita aje kupumzika wiki mbili. Mwanawe alichora ramani za mabomba katika ofisi ya maji. Siku mkunga alipofika alikuta bahasha mezani, na ndani yake tiketi tano za makumbusho matano, kila moja imeandikwa siku yake kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko uliosimama wima.

"Utauona mji, mama," mwanawe alimwambia. Kisha akanyamaza, kama kawaida yake.

Siku ya kwanza mkunga aliona vyungu. Siku ya pili aliona vichwa vya treni na simu za kuzungusha. Siku ya tatu, Jumamosi asubuhi, akapelekwa na tiketi yake hadi makumbusho ya tiba, na humo, nyuma ya kioo, akakuta kile kipembe cha mti ambacho wakunga hukiweka juu ya tumbo la mjamzito ili kusikiliza moyo wa mtoto. Kibao chini yake kilisema: *Kilitumika zamani.*

"Zamani gani?" mkunga akakiuliza kioo. "Mimi nimekitumia mwaka huu!"

Lililomuudhi zaidi lilikuwa sanamu ya mkunga iliyoinama pembeni. Ilikuwa imeegesha sikio kwenye mdomo mpana wa kipembe, na ncha ile nyembamba imeelekezwa tumboni.

"Mama, usishike kioo," mlinzi akamwambia.

"Kimegeuzwa. Hapo hasikii kitu."

"Mimi nalinda tu, mama. Sipangi."

"Na huyo aliyepanga amewahi kuona mimba, au anasimuliwa?"

Watu wawili waliokuwa karibu wakacheka. Mlinzi akaangalia viatu vyake ili asicheke naye. Mkunga akavuta mtandio wake, akatoka, akasimama kwenye ngazi za nje akiwa hajui aelekee wapi. Ilikuwa saa nne. Watu walimpita kushoto na kulia, kila mmoja na lake. Miguu ilimwasha. Tangu aache kazi alikuwa hivyo: akiketi anataka kusimama, akisimama anataka kuitwa. Huko kwake watu walimgongea mlango alfajiri, mchana, wakati wowote. Hapa mlango wa mwanawe haukugongwa hata mara moja, na mkunga aliuangalia kama mtu aliyekosana nao.

Akarudi nyumbani kwa miguu.

Mwanawe alikaa ghorofa ya nne, chumba kimoja na jiko. Kulikuwa na meza na viti vinne. Viti vitatu vilikuwa bado na nailoni ya dukani. Hilo lilimuuma mkunga kuliko vumbi, maana vumbi unalifuta. Mtu wa miaka thelathini na minane, hana mke, hana mgeni, ana kiti kimoja kinachokaliwa! Tangu utotoni mashangazi zake walimwita Kimya, na mkunga alikuwa amezoea. Lakini kuzoea kimya cha mtoto kwenye nyumba yenye watu ni jambo moja, na kukikuta kimeota mizizi katika mji wa watu milioni kadhaa ni jambo jingine.

Asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai pamoja.

"Umelala vizuri, baba?" mkunga alikuwa ameuliza. "Hukulala. Macho yanaonyesha. Hii kazi ya ramani inakumaliza. Leo si Jumamosi? Unakwenda tena kazini? Basi kula kwanza. Unakula kama ndege."

"Nina shughuli leo, mama," mwanawe alisema, akaweka kikombe, akatoka.

Sasa mkunga aliosha kikombe kile mara ya pili. Akahamisha sufuria kutoka upande huu kwenda upande ule. Akafungua kabati la nguo, akakuta beseni lenye mashati saba yaliyofuliwa na hayajapigwa pasi, yamejikunja kama majani makavu. Akaitafuta pasi. Ilikuwepo, waya wake umeungua. Akafurahi karibu aimbe, maana sasa alikuwa na shida, na shida ni kazi. Akayafunga mashati ndani ya shuka, akashuka nayo ghorofa zote nne.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la dobi, jembamba kiasi kwamba mtu mnene angeingia kwa ubavu. Dobi mwenyewe alikuwa mnene, na aliingia kwa ubavu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mikono imeiva kwa mvuke, na hakuacha kupiga pasi wakati anasalimia. Akafungua shuka, akageuza kola ya shati la kwanza.

"Haya! Mashati ya Redio."

"Redio gani?"

"Redio. Wa ghorofa ya nne hapo."

"Ghorofa ya nne anakaa mwanangu," mkunga alisema. "Na mwanangu haongei."

Dobi aliiweka pasi chini. Alicheka mpaka akashika meza.

"Haongei? Yule? Mama, samahani, sikucheki wewe. Lakini yule mtaa mzima unamjua kwa mdomo!"

"Utakuwa umemchanganya na mtu."

"Angalia hapa." Dobi akamwonyesha nyuzi mbili nyekundu ndani ya kola. "Hii alama yangu. Sijawahi kuchanganya shati. Nitachanganya mtu?"

Moyoni mkunga alikuwa na picha ya mwanawe amekaa peke yake mahali fulani, labda kwenye benchi, akisubiri jioni ifike ili arudi. Picha hii mpya haikupata nafasi.

"Nafunga saa nane," dobi akasema. "Leo waokaji mikate wanacheza mpira na maseremala. Kama huyaamini maneno yangu, njoo uyaamini masikio yako."

Mkunga hakuweza kungoja amekaa. Alikunja mashuka ya watu, akapanga mashati kwa ukubwa, akakosoa jinsi dobi anavyokunja mikono ya blauzi, mpaka dobi akasema kwa upole, "Mama, huko kwenu wanakuacha ukae kweli?" na saa nane ikafika.

Walipita njia ambayo mkunga hakuwahi kuiona, ingawa ilianza nyuma ya jengo lile lile alimolala siku zote tatu. Kwenye ngazi za jengo moja wasusi walikuwa wamekaa kwa kufuatana, kila mmoja ngazi yake, kichwa cha mteja katikati ya magoti, na maongezi yakipanda na kushuka ngazi bila kupotea. Kutoka madirisha ya juu vikapu vilishushwa kwa kamba. Mtu wa chini anatia nyanya, sabuni, gazeti, anavuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa anamgombeza mwenye duka kwa sababu ya vitunguu vilivyooza, na mwenye duka, badala ya kujibu, akamtilia vingine na kupiga saluti. Kinyozi alikuwa ametoa kiti chake kando ya njia, na mteja wake, povu usoni, alinyanyuka kila mara kumjibu jirani aliyekuwa anabishana naye kuhusu mvua ya mwaka juzi.

"Makumbusho yote hayo," mkunga alisema, "na hakuna aliyeniambia nipite hapa."

"Hapa hawauzi tiketi," dobi alijibu.

Kisha wakafika kwenye karakana ya maseremala, na njia ikaishia mlangoni.

"Tunapita ndani," dobi alisema. "Kuzunguka ni mbali. Ila hupiti mikono mitupu."

Mkunga hakuelewa mpaka seremala mmoja mzee, penseli nyuma ya sikio, alipoonyesha ubao mrefu kwa kidevu. Kila aliyepita pale alibeba ncha ya ubao kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kupita. Mwanamume aliyevaa suti alikuwa ametangulia mbele yao na ubao begani, mkoba umening'inia mkononi, wala hakuonekana kushangaa. Dobi akashika ncha moja, mkunga ya pili. Ubao ulikuwa mzito na unanukia. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku tatu mikono yake kupewa kitu cha maana, na aliutua taratibu, bila kishindo.

"Huyu si mgeni wa kazi," seremala mzee akasema, akivua aproni. Chini yake alikuwa amevaa bukta.

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, sakafu ya saruji iliyopasuka, magoli ya mabomba ya chuma. Watu walikuwa wamejaa pande zote, juu ya kuta, juu ya matairi, kwenye madirisha ya kiwanda. Joto la mikate lilitoka ndani na kuchanganyika na jasho. Na juu ya kontena lenye kutu, kipaza sauti mkononi, mguu mmoja juu ya ndoo, alisimama mwanawe.

Mkunga alimtambua kwa shati. Sauti hakuitambua.

"Anaupata seremala wa kulia! Anautazama! Anaupima! Jamani, anaupima kama ubao! Kaka, mpira haupimwi kwa futi, piga! Ameupoteza! Sasa wanakuja waokaji, anakuja huyu mfupi, amevimba kama unga uliosahauliwa usiku kucha, anampita wa kwanza, anampita wa pili, kipa ametoka, kipa amerudi, kipa hajui kwao ni wapi…"

Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Mkunga alifunika mdomo. Mwanawe alizungusha mikono, akainama, akaruka juu ya bati la kontena likalia kama ngoma. Alijua jina la utani la kila mchezaji, alijua nani ana deni la usingizi kwa sababu ya mtoto mchanga, alijua nani ameachwa na mchumba na akamtania kwa namna ambayo yule kijana mwenyewe alipiga makofi. Hakuna pumzi iliyopotea. Ilikuwa kama bomba lililopasuka.

"Nilikwambia," dobi alisema, na mkunga akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga, hajui ni ya furaha au ya nini.

Kisha mshambuliaji wa maseremala akaanguka mbele ya goli, akashika goti, akagalagala. Mwanawe akanyanyua mkono. Uwanja mzima ukatulia, kwa kuwa walijua kinachokuja. Alipofungua mdomo, ilitoka sauti ya mwanamke mtu mzima, kali, ya puani, yenye haraka.

"Wewe! Inuka! Sukuma, mwanangu, sukuma! Unanililia mimi? Mimi nilikuwepo siku hiyo?"

"Mimi nilikuwepo?" watu mia tatu wakaitikia kwa pamoja.

Yalikuwa maneno ya mkunga mwenyewe. Alikuwa ameyasema mara elfu, akiwa ameshika mgongo wa mwanamke aliyeanza kukata tamaa, na wanawake, wakiikumbuka siku waliyoshika mimba, walicheka katikati ya maumivu wakapata nguvu. Kumbe mtoto aliyekuwa akingoja nje ya mlango, daftari la shule magotini, alikuwa anasikia. Mkunga naye akacheka. Alicheka kweli, kwa dakika moja.

"Mama yangu huyo, jamani," mwanawe aliendelea kwa sauti yake, akifuta jasho. "Akikutana na wewe njiani anakuuliza hujambo, anajijibu sijambo, anakuuliza unakwenda wapi, anakutajia unakokwenda, anakuaga. Ameondoka. Wewe umesimama pale pale, mdomo hujaufungua!"

Kicheko kilipasuka pande zote. Hata mwamuzi alishika tumbo. Dobi alicheka pia, kisha akamtazama mkunga, na kicheko kikamkauka.

"Mama… wewe ndiye yule Mkunga?"

Mkunga alikaza mtandio wake.

"Sisi tulidhani anamtunga," dobi akasema kwa sauti ndogo. "Wallahi, tulidhani ni mtu wa hadithi tu."

Mkunga aligeuka, akapenya katikati ya watu, akatoka.

Alitembea bila kuangalia. Akakata kona, akakata nyingine, akajikuta kwenye uchochoro wa mafundi baiskeli, akapita kati ya magurudumu yaliyoning'inia, akatokea mahali ambapo wanaume wanne walicheza bao la vizibo vya chupa na hawakuinua vichwa. Alikuwa na hasira. Amelea peke yake. Mume wake alikufa mtoto ana miaka kumi na miwili, na mkunga hakurudi nyuma hata siku moja. Alizalisha, akalima, akalipa ada, akaongea na walimu, akaongea na madaktari, akaongea na ndugu wa mume waliotaka shamba. Nani mwingine angeongea? Mtoto mwenyewe hakuwa na neno!

Alisimama. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba alimwuliza, "Umepotea, mama?"

"Sijapotea, napumua kidogo tu, joto la hapa si la kwetu, na wewe hizo nguo hazijakauka, hebu zirudishe," mkunga alisema kwa mkupuo mmoja, akaendelea na safari.

Hatua kumi mbele ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa bado amesimama nyuma yake, shuka mkononi, mdomo wazi.

Mkunga aliketi juu ya ngazi ya nyumba asiyoijua. Akakumbuka mezani, miaka ile, mtoto akianza, "Mama, leo shuleni…" na yeye akimalizia, "Leo shuleni mmepewa mtihani, najua, nimekutana na mwalimu wako, kula upesi, naitwa." Na kweli aliitwa. Siku zote aliitwa. Hakukaa pale ngazini muda mrefu. Hakuwa mtu wa kukaa. Lakini aliponyanyuka hakurudi ghorofa ya nne. Aliuliza njia ya kiwanda cha mikate, na safari hii alimwacha mtu amweleze mpaka mwisho.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Dobi alikuwa bado ukutani, anahangaika kama mtu aliyepoteza mtoto wa watu sokoni, na alipomwona mkunga alipiga kelele ya shukrani. Kelele hiyo ndiyo iliyomfanya mwanawe atazame chini.

"…na mpira unarudi kwa seremala mzee, mwenye penseli, na…"

Sauti ikakatika. Kupitia kipaza sauti watu walisikia pumzi tu. Mchezaji mmoja akasimama na mpira mguuni. Vichwa vikageuka kufuata macho ya mtangazaji, mpaka vyote vikamfikia mwanamke mwenye mtandio, amesimama kando ya tairi.

Mwanawe alishuka kwenye kontena. Alipofika chini alikuwa ameshakuwa yule wa mezani, mabega yameingia ndani.

"Mama. Sikujua kama uko hapa."

"Ungejua, ungesema?"

Akafikiri. "Nisingesema."

"Mimi siongei vile."

Mwanawe aliangalia saruji. Akamwangalia dobi, ambaye aliangalia mawingu.

"Unaongea vile, mama."

Mkunga alivuta pumzi ya kumjibu. Majibu yalikuwepo, yamepanga foleni. Akaifunga midomo yake, na dobi alisimulia baadaye kwamba alimwona akiifunga kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi.

"Mleteni Mkunga juu!" mtu alipiga kelele kutoka ukutani, na wengine wakadakia. "Mkunga! Mkunga! Apewe kipaza sauti!"

Mwanawe akamnyooshea kile kipaza sauti.

"Hapana," mkunga alisema. "Rudi juu. Mechi inakungoja."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Rudi juu. Nimekuja kusikiliza."

Kusikiliza kulimtoa jasho kuliko kubeba ubao. Alisimama kipindi kizima amekumbatia mikono. Seremala alipokosa goli la wazi, maneno yalimfika kooni, akayameza. Mwanawe alianza kwa woga, sauti ya chini, sentensi fupi. Watu wakamzomea kwa mapenzi. Kisha yule mfupi wa waokaji akatoroka tena na mpira na mwanawe akasahau kuogopa, bomba likapasuka upya. Sauti ya Mkunga hakuigiza tena mpaka dakika za mwisho, seremala mzee alipoanguka kwa uchovu katikati ya uwanja. Hapo alimtazama mama yake kwanza. Mkunga akainua nyusi mara moja. Na mwanawe akainua kipaza sauti: "Unanililia mimi?"

Mkunga aliitikia na wale mia tatu.

Waokaji walishinda mawili kwa moja. Desturi ya pale ilikuwa kwamba waokaji, washinde au washindwe, walileta makreti ya mikate ya moto, na watu walikula wamesimama, wakimega kwa mikono. Kila mtu alitaka kumsalimia mkunga. Seremala mzee alimwomba amkande goti, naye akamkanda, akamwambia ana mwili wa mtu anayekunywa maji kidogo. Mwanawe alisimama pembeni, akizungukwa na vijana wanaomgonga bega, na mara kwa mara alimtupia mama jicho, kama mtu anayeangalia chungu kilicho motoni.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, mkate mzima chini ya kwapa la mwanawe. Ndani, mwanawe alichemsha chai, akakata mkate. Wakaketi.

Kimya kikaanza.

Mkunga alikijua kimya hicho, alikuwa amekijaza maisha yake yote kama mtu anayejaza mashimo ya panya. Mara ya kwanza alitaka kusema mkate ni mzuri. Mara ya pili alitaka kuuliza tangu lini. Mara ya tatu mdomo ulishafunguka. Lakini alikumbuka jinsi anavyohesabu kati ya uchungu na uchungu, wakati ambao mkunga hana la kufanya isipokuwa kukaa karibu na kutokuharakisha kitu. Akahesabu. Alifika sitini. Akaanza upya. Kidole chake kilikuwa kinagonga meza, akakikalia.

"Baba hakufa usingizini," mwanawe akasema.

Miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia watu hivyo: alilala tu, kama mtoto. Siku ile yeye alikuwa ameitwa kuzalisha pacha, kijiji cha pili. Nyumbani alibaki mgonjwa na mtoto.

"Watoto wa juu walikuwa wanacheza mpira na watoto wa bondeni," mwanawe aliendelea, akikiambia kikombe. "Uwanja wetu ulionekana dirishani, unakumbuka. Baba alisikia kelele. Hakuweza kuinuka. Akaniambia, simama hapo, nitangazie. Nikasimama. Sikujua kutangaza. Nikawa nasema tu, nani ana mpira, nani ameanguka. Akacheka. Nikaongeza chumvi, akacheka zaidi, mpaka akakohoa. Akasema, endelea."

Alinyamaza. Mkunga alihesabu.

"Halafu nikaacha kumsikia. Sikugeuka, mama. Nilijua nikigeuka nitaona. Nikaendelea kutangaza. Mpira ukaisha, watoto wakaenda kwao, uwanja ukabaki na mbuzi wawili, mimi natangaza. Natangaza mechi ambayo haipo. Mpaka nikasikia mlango. Ukaingia, ukamwangalia kwa mbali, ukaniambia…"

"Nyamaza, baba yako amelala," mkunga alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nikanyamaza."

Chini barabarani mtu aliita jina, na dirisha moja likafunguliwa. Mkunga alikuwa na mambo mia ya kusema. Kwamba alikuwa amechoka. Kwamba pacha wa pili alitanguliza miguu. Kwamba hakujua, na kwamba angejua… Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yake. Akayaacha yalipo.

"Nani alifunga?" akauliza.

Mwanawe akainua uso. Alimtazama kwa muda, akihakikisha kwamba swali limekwisha na hakuna jibu linalokuja nyuma yake.

"Bondeni walitangulia," alisema. "Kwa kichwa. Wa juu wakasawazisha, baba akapiga kitanda kwa furaha. Bao lililofuata hakulisikia."

"Basi hilo nitangazie mimi," mkunga alisema.

Mwanawe akasukuma kiti nyuma, akaenda kusimama dirishani.